Mgongo wa Joho

Mpelelezi aliihesabu mistari ya wino mwekundu kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu ikawa ishirini na mitatu. Kila mstari ulikuwa ni malipo yaliyotoka kwenye simu ya kazi ya karakana ya ushonaji kwenda kwa muuzaji mmoja tu, duka la mchezo wa mtandaoni uitwao Falme za Ukungu. Yalikuwa malipo madogo. Dogo kabisa lilikuwa la mia tisa, na kubwa kabisa la elfu moja mia tisa na hamsini. Hakuna hata moja lililogusa elfu mbili. Kwa miezi minne, yote kwa pamoja yalifika elfu thelathini na nne.

Mwenye karakana alikaa upande wa pili wa meza, akivua na kuvisha kifuniko cha kalamu. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, aliyeanza na cherehani moja ya kukanyaga na sasa anazo sita.

"Elfu thelathini na nne hainiui," alisema. "Oda moja ya sare inanirudishia zaidi ya hiyo. Ninachoogopa mimi ni mkono ulioitoa."

Mkono aliokuwa akiuogopa ulikuwa wa mdogo wake wa kiume, fundi ambaye karakana nzima ilimwita Mjomba kwa sababu watoto wa bosi walimwita hivyo. Miaka mitatu nyuma Mjomba alikuwa mtu wa kubahatisha kwenye simu. Kodi ya nyumba iliingia humo, karo ikaingia humo, mwishowe hata cherehani yake ikauzwa. Mkewe alipofariki, mama mkwe alikuja kumchukua mjukuu wake wa kike. Dada mtu ndiye aliyepiga magoti. Wakakubaliana kwamba mtoto atabaki na baba yake, lakini siku mkono wa Mjomba utakaporudi kwenye simu, mtoto ataondoka siku hiyohiyo bila maneno. Miaka miwili ilipita bila kosa. Jumapili iliyopita bosi aliomba taarifa ya malipo ya simu ya kazi ili apange ununuzi wa vitambaa, akaliona jina la mchezo. Kwa kuwa alikuwa ameapa kutoficha kitu, alimpigia mama mkwe jioni hiyohiyo.

"Anafika leo saa kumi," alisema. "Nimekuita nijue kabla hajafika. Kama ni yeye, niseme ndiyo kwa kinywa kipana. Kama siye, basi..."

Hakumalizia. Mpelelezi aliuliza kwa nini awe Mjomba na si mwingine. Bosi akaonyesha saa zilizoandikwa pembeni ya kila mstari. Malipo yote yalifanywa kati ya saa saba na saa nane mchana. Saa hiyo watu hutoka kwenda kula, na Mjomba hubaki kwa kuwa huja na chakula chake kwenye kopo. Namba ya siri ya simu walikuwa wanaijua watu wanne, yaani bosi mwenyewe, Mjomba, dada wa kupiga pasi, na Bi Mkasi, yule mama mzee wa kukata vitambaa.

Mpelelezi alitaka kujua Bi Mkasi huwa wapi mchana. Bosi alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alisema Bi Mkasi mchana hulala nyuma ya majora ya vitambaa, amefanya hivyo tangu karakana ifunguliwe, na simu yake ni ya kupokelea tu. Hata ujumbe husomewa.

"Na wenzake wanajua kwamba Mjomba anashukiwa?"

Hawakujua. Wao waliambiwa ana homa. Bosi hakutaka kumvua nguo ndugu yake mbele ya watu kabla hajawa na hakika.

Mpelelezi aliandika neno "homa" kwenye daftari lake, akaomba aonane kwanza na dada wa pasi.

Dada wa pasi alikuwa kwenye kona yake, mvuke umemzunguka, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji ili aitazame huku mikono ikifanya kazi. Mpelelezi aliona picha zikirukaruka kwenye kioo akamwuliza huo ni mchezo gani. Ulikuwa mchezo wa kupanga matunda. Ukikosea mara tano mioyo inaisha, na mchezo unafungwa mpaka ijae tena. Moyo mmoja hujaa kwa nusu saa.

"Au ulipe mia tano, wakupe yote mitano papo hapo," alisema dada wa pasi.

"Umewahi kulipa?"

Dada wa pasi aliiinua pasi na kumtazama kama aliyeulizwa kama amewahi kulipia hewa. "Mama, mia tano ni nauli yangu ya kurudi nyumbani. Mioyo inajaa bure. Mimi napiga pasi mashati kumi, nikigeuka, moyo huo hapo."

Kuhusu mchana, alisema hula kwa muuza vifungo wa jengo la mbele, kila siku bila kukosa. Mpelelezi alivuka barabara kuhakikisha. Muuza vifungo alithibitisha na kulalamika kwamba dada huyo ana miezi mitano hajaosha sahani hata moja. Mpelelezi akamfuta kwenye orodha.

Mjomba alikuwa anaishi vyumba viwili, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alimkaribisha mpelelezi bila kumwuliza ametumwa na nani. Binti yake alikuwa shule. Sketi ya shule ya binti huyo ilikuwa mapajani mwake, akishusha upindo kwa sindano ya mkono kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka.

Mpelelezi alimpa karatasi. Mjomba aliichukua akaisoma mstari kwa mstari mpaka chini, kisha akaanza tena juu. Alipoulizwa kama ni yeye, alisema siye, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara nyingi na kuona halifiki popote.

"Kila mwenye tatizo lako angesema siye," mpelelezi alimwambia.

"Kweli. Lakini tazama haya malipo yalivyolala." Aliiweka karatasi juu ya sketi. "Elfu moja na mia mbili. Halafu wiki nzima kimya. Elfu moja na mia tano. Wiki tena kimya. Mtu mwenye ugonjwa wangu hapumziki wiki, dada. Akipoteza anarudi palepale, na anarudi na kubwa zaidi. Ungeona mia tano, elfu mbili, elfu kumi, ndani ya saa moja, halafu hakuna kitu kwa sababu hela imeisha."

"Mtu anaweza kujifunza kwenda polepole."

"Ningeweza kujifunza hilo, nisingeuza cherehani."

Mjomba alishona mishono mitatu minne kabla ya kusema tena. Alieleza kwamba kitu chenye bei iliyoandikwa hakijawahi kumvuta. Duka likimwambia hili koti ni elfu moja, analitazama anapita. Kinachomvuta ni kile ambacho hujui kimebeba nini. Akamshauri mpelelezi aulize kama mchezo huo una kitu cha kubahatisha ndani yake. Kama kipo, aangalie kama kimenunuliwa.

Alipoulizwa anamshuku nani, alikataa. Alisema yeye amekaa siku nne na uzito wa kushukiwa na hawezi kumtwisha mwenzake kwa kubuni tu. Mpelelezi alipofika mlangoni, Mjomba aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye upindo.

"Mama ameshapanda basi?"

Alikuwa anamwulizia mama mkwe. Mpelelezi alisema hajui, na ilikuwa kweli.

Duka la fundi simu lilikuwa na upana wa kabati, na fundi mwenyewe alikuwa amelijaza. Alimwita mpelelezi afande, ingawa mpelelezi aliacha kazi ya polisi miaka sita iliyopita. Mpelelezi alipotaja Falme za Ukungu, fundi alicheka kwa huzuni.

"Pale nimemwaga nusu pikipiki, afande. Tairi la mbele, taa na usukani, vyote vimo mle."

Mpelelezi alimwomba amweleze kama anayemweleza mtu asiyejua kitu, naye akaeleza vizuri. Kila mchezaji ana mhusika wake, askari au mganga au mfua vyuma, anayemtembeza kwenye nchi ya mchezo pamoja na wachezaji wengine. Kucheza ni bure. Hela inaingia kwenye vito. Unanunua vito kwa simu, kisha kwa vito unanunua vitu. Vitu viko vya namna tatu. Kuna vyenye bei, hasa mavazi. Kuna vifurushi vya leo tu, vyenye saa inayokimbia pembeni ikikuhimiza ulipe kabla haijafika sifuri. Na kuna masanduku ya bahati. Sanduku unalinunua limefungwa. Unaweza kupata upanga wa moto, unaweza kupata soksi.

"Wewe ulinunua nini?"

"Masanduku hasa," alisema fundi. "Nina soksi jozi arobaini."

Mpelelezi aliweka taarifa ya malipo mezani. Fundi alionyesha kwamba kila malipo yana namba ya risiti. Ukiiandika kwenye ukurasa wa duka la mchezo, risiti inafunguka na kuonyesha vito vilinunuliwa vingapi na vilikwenda wapi. Waliziandika moja moja, mpelelezi akisoma na fundi akibonyeza. Ilichukua zaidi ya nusu saa, kwa sababu wateja wawili walikuja katikati, mmoja akitaka kioo na mwingine akitaka chenji.

Joho. Joho. Koti la vita. Gauni refu. Joho. Kufika risiti ya kumi fundi aliacha mzaha. Kufika ya ishirini na tatu aliegemea ukuta.

"Hakuna sanduku hata moja," alisema.

"Vifurushi vya leo tu?"

"Hakuna. Hakuna upanga, hakuna farasi, hakuna hata dawa ya kuponya jeraha. Mavazi matupu." Alivuta karatasi ya mpelelezi akaweka kidole kwenye tarehe. "Na cheki hapa. Zote Jumanne. Jumanne mavazi ya wiki iliyopita yanashuka nusu bei. Watu wote tunalijua hilo, na hakuna anayesubiri. Huyu amesubiri kila Jumanne miezi minne, siku nyingine kanunua mawili kwa mpigo."

Alionyesha jambo jingine. Vito huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, ili kila mara ubakiwe na vito vichache vinavyokuwasha mkono. Mnunuzi huyu kila mara alitumia kwanza masalio, kisha akaongeza fungu dogo lililotosha tu.

"Afande, huyu mtu hachezi. Huyu anaenda sokoni na kikapu."

Mpelelezi aliandika sentensi hiyo kama ilivyo. Kisha akachora mstari juu ya jina la Mjomba. Mstari haukuwa mnene, maana hakuwa bado na jina la kuweka mahali pake, lakini aliuchora. Akaomba aonyeshwe moja ya nguo zilizonunuliwa. Fundi alifungua duka la mchezo, akamtafutia Joho la Mlinzi wa Theluji. Lilikuwa zuri kweli, na lilionekana kwa mbele tu. Mpelelezi aliligusa kwa kidole ligeuke, halikugeuka.

"Mgongo wake ukoje?"

"Mgongo unauona ukishalinunua ukamvisha mtu wako," alisema fundi. "Dukani wanaonyesha mbele tu."

Saa saba na robo mpelelezi alirudi karakanani. Watu walikuwa wametoka kula. Cherehani zilikuwa zimefunikwa, na kwenye chuma cha kutundikia kulikuwa na nguo nne zilizokwisha zikisubiri wenyewe. Tatu zilikuwa suti. Ya nne lilikuwa joho jeupe lenye kola ndefu, na kwenye bega lake ilibanwa picha iliyoletwa na mteja. Mpelelezi aliitambua mara moja. Ilikuwa ileile ya dukani, imepigwa kwa mbele.

Aliligeuza joho. Mgongoni lilikuwa na marinda saba yaliyoanzia katikati ya mabega, na chini mpasuo mmoja uliopinda kushoto kama mto. Aliirudia picha ya mteja. Haikuonyesha lolote kati ya hayo.

Alimpigia fundi simu na kumwuliza kama yeye mwenyewe analo joho hilo. Fundi alikuwa nalo, alilinunua miezi miwili iliyopita, bei nzima, siku ambayo hataki kuikumbuka. Mpelelezi akamwomba amgeuze mhusika wake na kueleza mgongo bila kuruka kitu.

"Marinda," alisema fundi baada ya muda. "Ngoja nihesabu. Saba. Halafu kuna mpasuo, unapinda. Kushoto. Afande, umelinunua lini?"

Mpelelezi alimshukuru akakata. Mtu aliyelikata joho hili alikuwa ameuona mgongo wake. Na katika karakana hii, kitambaa kilikatwa na mtu mmoja tu.

Alizunguka nyuma ya majora. Bi Mkasi hakuwa amelala. Alikuwa ameketi juu ya gunia la vipande, tepu ya kupimia shingoni, miwani puani, simu kuukuu yenye ufa kwenye goti moja na karatasi ya kukatia kwenye jingine. Ndani ya simu, mwanamke mwenye gauni la majani alikuwa anazunguka taratibu katikati ya uwanja. Askari wenye panga walikuwa wanampita mbio kwenda kupigana na kitu nje ya lango. Bi Mkasi alimsimamisha akiwa amewapa mgongo, akachora mstari kwa penseli.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema bila kushtuka. "Umenizibia mwanga."

Mpelelezi alisogea, akakaa juu ya jora. Aliuliza simu ni ya nani. Bi Mkasi alisema ameachiwa na mjukuu wake aliyenunua nyingine, na mjukuu ndiye aliyemfundisha mahali pa kubonyeza. Kusoma ujumbe kunamsumbua, lakini picha haimsumbui. Wale wapiganaji wa mle ndani walimpa jina la Bibi Harusi, kwa sababu wao wanahangaika na majoka na yeye anabadilisha nguo tu.

Kisa chenyewe alikieleza huku penseli ikienda. Miezi minne nyuma vijana walianza kuja na picha za watu wa mchezo, wakitaka kushonewa nguo zao za kwenda kupigia picha na wenzao. Picha zote ni za mbele. Aliwauliza mgongo, wakasema mgongo mpaka ununue. Yeye tangu aanze kazi hajawahi kukata nguo ambayo hajauona mgongo wake, na hakuona sababu ya kuanzia uzeeni.

"Kwa hiyo ukanunua."

"Nikanunua."

Mpelelezi alitaka kujua kwa nini hakuwahi kununua masanduku. Bi Mkasi alishusha miwani.

"Sanduku nililiuliza ndani kuna nini, halikujibu. Mimi siwezi kununua jora ambalo nimekatazwa kulikunjua. Na kile kisaa chao cha leo tu, leo tu..." Alicheka kidogo. "Mwanangu, kabla ya kuja hapa niliuza vitambaa miaka kumi na minane. Hiyo leo tu nimewaambia watu mara ngapi, na kesho yake kitambaa bado kipo rafuni kinanitazama. Nikiona joho limezidi bei ya zipu, naliacha. Jumanne nyingine litashuka. Joho halina miguu."

"Kwa nini bei ya zipu?"

Bi Mkasi alimtazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini sindano ina tundu. Akafafanua. Hapo karakanani kila fundi huchukua rafuni kile kinachohitajika kwenye kazi, na kuna daftari la kuandika. Zamani waliandika kila kifungo na kila kidonge cha uzi, mpaka bosi akachoka kununua madaftari. Akatoa amri kwamba kitu kilicho chini ya bei ya zipu kisiandikwe, kichukuliwe tu. Zipu ni elfu mbili. Mgongo wa joho ulikuwa unahitajika kwenye kazi kama uzi unavyohitajika, na kila mara ulikuwa chini ya zipu. Kwa hiyo aliuchukua, akalipa kwa simu ya kazi, na hakuandika.

Mpelelezi alifungua karatasi yake akatazama tena ile elfu moja mia tisa na hamsini. Kisha akamwambia kwamba Mjomba hana homa. Akamwambia mengine yote, kwa ufupi, pamoja na saa kumi.

Penseli ilisimama.

"Na mtoto yuko wapi?"

"Shule. Anatoka saa nane."

Bi Mkasi alishika jora akainuka, na hakungoja kusaidiwa.

Bosi alisikiliza akiwa amesimama. Mpelelezi alimpangia mambo mezani kwa mfuatano wake, risiti zisizo na sanduku, Jumanne, joho lililotundikwa, simu ya fundi, na mwisho amri ya zipu. Bi Mkasi alisimama pembeni na tepu yake shingoni, akikubali kila kitu kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" bosi alimwuliza hatimaye.

"Ningekuambia nini? Wewe mwenyewe ulisema chini ya zipu tunakumalizia karatasi."

Bosi alikaa. Akaweka viganja viwili usoni, na mpelelezi akadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli akalia kidogo, kisha akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sampuli. Alisema miezi minne hiyo nguo za vijana ndizo zilizolipa umeme wa karakana. Alikuwa akijisifu kwa watu kwamba mkataji wake ana macho ya kuona hata upande wa nyuma wa picha. Akavuta daftari la vifaa, akaandika juu ya ukurasa mpya kwamba kuanzia leo mgongo ataulipia mteja, na utanunuliwa Jumanne tu. Akalifunga daftari na kusimama.

"Haya, mengine baadaye," alisema. "Twende."

Walikuta mama mkwe ameshafika. Basi lake liliwahi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mnyoofu, viatu bado miguuni. Mjomba alikuwa amesimama dirishani. Binti alikuwa sakafuni, bado amevaa sare ya shule, akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

Bosi alifungua kinywa aanze. Mpelelezi alishika karatasi zake tayari. Aliyewatangulia wote wawili ni Bi Mkasi. Alivuta stuli akakaa mbele ya mama mkwe, goti kwa goti, maana umri wao ulikuwa mmoja.

"Mwenzangu," alisema, "mtu wa simu ni mimi."

Akamweleza. Alikieleza kisa kama wanavyoelezana watu wa umri wao, bila haraka, na joho na marinda yake na hata yale majoka. Mama mkwe alisikiliza bila kupepesa. Kisha akamgeukia mpelelezi na kumwuliza kama ameziona risiti kwa macho yake mwenyewe, zote, na kama kweli hakuna hata moja ya kubahatisha.

"Ishirini na tatu," alisema mpelelezi. "Nimezisoma moja moja. Hakuna. Mkweo hakugusa."

Mama mkwe alimtazama Mjomba kwa muda mrefu. Mjomba hakuwa amegeuka kutoka dirishani, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka, na mkono mmoja ulikuwa umeshika fremu. Bosi alisema, kwa sauti ndogo ambayo mpelelezi hakuwa ameisikia kwake siku nzima, kwamba amemkosea mdogo wake. Mjomba alisema basi, dada, basi, yameisha.

Mama mkwe aliinama, akafungua kamba za viatu, akavivua kimoja kimoja na kuviweka chini ya kiti.

"Nimekaa kwenye basi saa tano nzima," alisema. "Leo sirudi. Nitalala hapa, kesho nirudi peke yangu."

Binti aliacha kukunja. Alimtazama baba yake, akamtazama bibi yake, kana kwamba anahakikisha amesikia sawasawa.

"Atalala kitandani kwangu?" aliuliza. "Baba, bibi anakoroma."

"Utavumilia," alisema mama mkwe. "Ni usiku mmoja tu."

Mjomba alikwenda chumbani kutafuta shuka safi, na walimsikia humo ndani akifungua kabati na kulifunga, akifungua na kulifunga, asikumbuke shuka ziko rafu gani.